Reli zetu zinahitaji maabara, si makaratasi pekee

TUNAPOZUNGUMZIA reli mpya, macho yetu huenda kwenye mabehewa, stesheni na kasi ya treni. Ni wachache wanaouliza habari za ekseli, chuma kinachobeba magurudumu. Je, imepimwa? Na nani? Na kwa namna gani?

Swali hili ni la zamani. Mei 8, 1842, ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika kati ya Versailles na Paris, Ufaransa, na watu wasiopungua 50 wakafa. Miaka ya baadaye mhandisi wa Prussia, August Wöhler, alitengeneza mashine za kupima ekseli chini ya mzigo. Akathibitisha kwamba mzigo usioweza kuvunja chuma mara moja, unaweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi. Huo ndio uchovu wa chuma.

Mahali pabaya zaidi ni pale chuma kinapobana chuma kingine. Gurudumu hushindiliwa kwenye ekseli kwa nguvu kubwa, nasi tukadhani vimekuwa kitu kimoja. Sivyo. Ekseli ikizunguka na mzigo hupinda kidogo, na pale ukingoni vyuma viwili husuguana kwa umbali usiofika milimita 0.1. Msuguano huo huchubua chuma, hutoa unga mwekundu wa kutu na huzaa nyufa zinazojificha chini ya gurudumu.

Hasara yake si ndogo. Viwango vya Ulaya huihesabu ekseli isiyo na tundu, ya chuma cha EA1N, kuwa inahimili mkazo wa niutoni 200 kwa milimita ya mraba pale palipo wazi, lakini 120 tu pale gurudumu liliposhindiliwa. Chuma ni kile kile!

Kwa hiyo kipimo cha kuvuta chuma mara moja hadi kikatike hakitoshi. Maabara inayojua kazi yake hubana kipande cha chuma kwa vipande vingine pande mbili, kisha hukivuta na kukiachia hadi mara milioni 10. Mashine ya mizunguko 20 kwa sekunde huimaliza kazi hiyo kwa siku sita hivi.

Wapo watakaosema kuwa watengenezaji wamekwisha kupima. Ni kweli, lakini walipima ekseli mpya. Siku magurudumu yatakapobadilishwa katika karakana zetu, ni mikono yetu itakayoyashindilia upya. Nani atapima kazi hiyo?

Treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga njia ya Malaba hadi Kampala. Nchi zetu zinaweza kuchangia maabara moja katika chuo kikuu kimojawapo, na kila mkataba udai matokeo kamili ya vipimo vya ekseli, si cheti chenye muhuri tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauonekani kwa macho. Tuutafute mapema, kabla haujatudai maisha ya watu.