Klachi ya mbio haitaipa gari yako mbio

Wasee, tuambiane ukweli mapema: klachi ya mbio haiongezi injini yako nguvu hata ya farasi mmoja. Kama leo una Impreza ya lita 1.5 na kesho uifunge klachi ya pesa nyingi, kesho kutwa bado utakuwa na Impreza ya lita 1.5. Tofauti ni kwamba sasa mguu wako wa kushoto unauma.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu, kutoka Kitale hadi Bungoma, hiyo klachi imegeuka kuwa cheo. Kijana akinunua Subaru ya gia za mkono, hata kabla hajamwaga oili ya zamani, mbogi inamuuliza: "Umeweka klachi gani?" Akisema ni ile iliyokuja na gari, anachekwa. Basi anatafuta doh, mara nyingi za mzee aliyeuza mahindi, na gari inapandishwa juu gereji.

Tuelewe kwanza kazi ya klachi. Ni kushikanisha injini na giaboksi, na kuziachanisha unapobadilisha gia. Diski inabanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Injini ikisukuma kuliko diski inavyoweza kushika, diski inateleza. Unasikia injini inalia, gari haiendi, halafu inakuja ile harufu ya kuungua. Klachi ya mbio imetengenezwa kuzuia huko kuteleza. Presha pleti yake inabana kwa nguvu zaidi, na diski yake, badala ya bitana laini inayozunguka kote, ina vipande vichache vigumu vya seramiki na madini. Nyingine hata zile springi za katikati za kupunguza mshtuko hazina.

Kwa gari ya mashindano, hiyo ni dawa. Kwa barabara yetu, ni kesi nyingine. Toka Kitale, pita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, ushuke Webuye, kisha ushike barabara ya Malaba hadi Kanduyi. Hesabu matuta. Kila soko lina yake, kila shule ina yake. Ongeza trekta za miwa zinazotembea polepole kuliko boda, na msimu wa mavuno ongeza lori za mahindi. Hapo unahitaji klachi inayoshika pole pole, uachilie nusu, gari ijivute. Klachi ya mbio haijui nusu. Ama imeshika, ama imeachilia. Ndio maana unaona Subaru ya watu ikivuka tuta ikirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, dereva akijifanya ni mapenzi yake. Na ukilazimisha kuivuta nusu nusu kwenye jam ya Kanduyi, unachoma moto diski na kuila flaiwili.

Lakini hasara kubwa haiko kwenye mguu. Iko kwenye giaboksi. Klachi, ukiifikiria vizuri, ni kama fyuzi ya nyumba. Nguvu ikizidi, inateleza na kuungua yenyewe ili vitu vya bei vilivyo nyuma yake vipone. Ukiweka fyuzi ya msumari, taa hazitazimika, ni kweli, lakini siku moja nyumba itawaka. Klachi ikikataa kuteleza, ule mshtuko wote unaenda kwa meno ya gia, shafti na difu. Na giaboksi ya gia tano ya zile Impreza za turbo za zamani inajulikana kila mahali kwa kuvunjika meno ukiinyanyasa.

Ikivunjika, utapata wapi nyingine? Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Kwa hivyo Impreza za miaka ya 1990 tulizonazo ndizo hizo hizo, hakuna za kuongeza. Giaboksi inayofuata utaitafuta kwenye gari nyingine iliyokufa, na mwenye kuiuza anajua una shida.

Kuna watakaosema tunafuata nyayo za mabingwa. Sawa, mapenzi ya Subaru hayakuanza TikTok. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000. Lakini kuna hadithi ya 1993 ambayo vijana hawaisimulii. Mwaka huo Subaru walileta Vivio, kigari cha injini isiyofika hata lita moja. McRae aliendesha moja, Mkenya Patrick Njiru akaendesha nyingine. McRae aliondoka kwa kasi, gari yake haikufika mwisho. Ya Njiru ilifika. Mimi naona hapo kuna somo la jinsi ya kuishi na gari kwenye barabara za Kenya. Tena wale walikuwa na timu nzima ya mafundi na spea zikiwasubiri njiani. Wewe una fundi mmoja, na Jumapili simu yake imezimwa.

Najua mtu ataandika hapo chini: we jamaa uliyeacha chuo unajua nini? Niliacha, ndio. Lakini kujua kwamba giaboksi ni ghali kuliko klachi hakuhitaji digrii.

Sisemi hiyo klachi ni haramu. Kuna mtu ambaye injini yake ya turbo imeongezwa nguvu kweli, na klachi ya kawaida inateleza kila akikanyaga. Huyo anahitaji kitu kigumu zaidi. Hata yeye, kama gari inaenda sokoni na kanisani, aanze na ile ya katikati: presha pleti nzito kidogo, lakini diski ya bitana kamili yenye springi. Inashika vizuri na inaishi na watu.

Na ukiamua kwenda na ya mbio kabisa, iheshimu. Flaiwili ichongwe iwe laini, beringi ya klachi iwe mpya, na ile silinda inayosukuma klachi ikaguliwe, maana pedali nzito inaitesa. Kilomita mia kadhaa za kwanza endesha kwa upole diski izoee. Mlimani shikilia gari kwa breki ya mkono. Kwenye foleni acha nafasi mbele ndio uende mara moja badala ya kusukumana. Mwambie mtu wa bima umebadilisha nini. Siku ya kuuza, mwambie anayenunua.

Mafundi nao wabebe mzigo wao. Fundi mzuri anauliza maswali kabla ya kutaja bei. Anayefunga klachi ya mbio kwa gari yenye tairi kipara na breki zinazopiga kelele anajua vizuri anachofanya. Gari inayojua kuondoka na haijui kusimama itafika siku moja pale Kiminini, watoto wanavuka kwenda shule, na hapo hakuna atakayeuliza ulikuwa na klachi gani.

Kwa hivyo kabla hujalipa, fanya hivi. Tafuta barabara wazi isiyo na watu, weka gia ya nne ukiwa mwendo wa chini, halafu kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda ghafla na gari ibaki nyuma, klachi inateleza, nenda gereji. Ukipanda pole pole pamoja na gari, klachi yako ni nzima. Hizo pesa nunua tairi.