Mgeni wa Moshi Apelekwe Wapi Kula?

Mjini Moshi, swali la mahali pa kumpeleka mgeni akale hujibiwa kwa haraka kuliko linavyostahili. Mwenyeji hufikiria hoteli yenye bustani, vitambaa vyeupe mezani na choo kisafi. Mgeni aliyetoka Lindi, Kigoma au Uholanzi hujikuta mbele ya chipsi, kuku wa kukaanga na wali, yaani chakula kile kile alichokiacha kwao, au alichokila njiani basi liliposimama. Siku ya tatu anaondoka akiwa ameuona mlima, pengine kwa dakika chache kabla mawingu hayajaufunika, lakini mtori, machalari, kiburu na mnafu hakuvionja. Vilibaki jikoni kwa mwenyeji, ambaye aliona haya kumpa mgeni chakula cha kila siku.

Jambo hili lina nafasi katika jarida la afya kwa sababu Moshi ni mji wa wageni, na wengi wao huletwa na maradhi. Tangu Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971, wagonjwa wa rufaa wamekuwa wakifika kutoka Arusha, Manyara, Tanga na mbali zaidi, wakifuatana na ndugu ambao huweza kukaa mjini wiki nzima au mwezi. Wapo pia wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka pande zote za nchi, na wapo wapanda mlima wanaojiandaa kufika kwenye kilele chenye urefu wa mita 5,895. Wote hao huuliza pa kula, na mara nyingi anayeulizwa ni muuguzi, tabibu au mfamasia. Jibu linalotoka ni lile lile: nendeni hotelini, huko ni salama.

Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, na nusu yake ni kweli. Hoteli kubwa ina maji ya bomba, majokofu, na wapishi wenye vyeti vya kupimwa afya. Kwa mgonjwa anayepata dawa za saratani, au yeyote ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, mambo hayo si ya kudharauliwa. Nusu iliyobaki, hata hivyo, ni mazoea tu. Vimelea vya kuharisha havitazami vitambaa vya mezani. Vinachotazama, ikiwa neno hilo litaruhusiwa, ni joto na muda.

Hapo ndipo bufee ya mchana inapoanguka. Chakula kilichoiva saa tano asubuhi huwekwa kwenye vyombo vya kupashia, na hubaki humo hadi saa tisa alasiri kikisubiri mgeni wa mwisho. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kitunzwe katika joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Miali midogo iliyo chini ya vyombo hivyo, hasa ikishaanza kufifia, hutoa uvuguvugu, na uvuguvugu ndio hali ambayo bakteria huipenda kuliko zote. Wali ndio wenye hila zaidi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukipoa polepole mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu ambayo kupasha moto upya hakuiondoi. Kando ya wali huwekwa saladi iliyokatwa asubuhi na kuoshwa kwa maji ambayo hakuna anayeuliza yametoka wapi. Mpanda mlima akianza kuharisha siku moja kabla ya kupanda, atapoteza maji na chumvi mahali ambapo mwili wake utavihitaji sana.

Linganisha na mtori. Mpishi huchemsha nyama yenye mifupa kwa muda mrefu mpaka supu iwe nzito. Humenya ndizi mbichi, aghalabu mshare, ambazo ni ndizi hasa za Kilimanjaro na Meru, akaziweka katika supu hiyo hiyo, na zikilainika huzisaga kwa mwiko mpaka ziwe uji. Kitunguu hutiwa, na nyumba nyingine huongeza maziwa au siagi. Chakula hiki huchemka kwa saa kadhaa na hupakuliwa kikiwa bado kinatoa povu, kwa maana mtori uliopoa huganda na hakuna mnunuzi wa Moshi anayeukubali. Ladha yenyewe inadai usalama. Ndiyo maana umekuwa tangu zamani chakula cha mama aliyejifungua: ni laini, ni wa moto, una nishati na una protini. Mgeni anayeunywa saa nne asubuhi kwenye banda la mama lishe aliyeutoa jikoni sasa hivi ana hatari ndogo kuliko anayekula bufee saa nane mchana.

Basi kigezo cha kwanza cha kuchagua ni jiko, na cha pili ni saa. Mgahawa unaofaa ni ule ambao chakula humalizika. Mahali ambapo madereva, walimu na wauguzi hupanga foleni saa sita, na saa nane sufuria zinaoshwa, hapana kiporo. Mwenyeji na apite siku moja kabla bila mgeni, atazame. Je, maji ya kunawa yanatiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki, au watu wote wanachovya mikono katika beseni moja? Sabuni ipo? Sahani zinakaushwa kwa hewa au zinafutwa na kitambaa kimoja tangu alfajiri? Anayepokea pesa ndiye anayeshika chapati? Kachumbari imekatwa sasa hivi, au imelala kwenye bakuli ikivuta inzi? (Aproni safi ni jambo jema, lakini mtu haugui kwa sababu ya aproni.) Mama lishe anayejua kazi yake haudhiwi na macho ya namna hiyo. Anayezuia mteja asichungulie jikoni amekwisha kujibu.

Uchaguzi hutegemea pia chakula chenyewe, kwa kuwa vyakula vya mlimani havipatikani vyote mahali pamoja. Mtori ni wa asubuhi hadi mchana, na uko tele mjini. Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama zikabaki vipande katika mchuzi wake, hupatikana mchana katika migahawa ya kawaida. Kiburu, mchanganyiko wa ndizi na maharage, ni chakula cha nyumbani zaidi. Migahawa michache hukipika kila siku, na ni busara kukiagiza jana yake. Mnafu, mboga yenye uchungu kidogo, hupaswa kuombwa kwa jina, la sivyo mhudumu ataleta kabichi akidhani mgeni haiwezi. Ndafu, mbuzi mzima anayechomwa kwa ajili ya harusi, haina mgahawa. Inasubiri mwaliko. Na mgeni anayetaka kujua vyakula hivi vilikotoka na apandishwe hadi Marangu, Machame au Kibosho, akaone kihamba chenyewe, migomba na mibuni vikiishi pamoja chini ya kivuli cha miti mikubwa. Baada ya hapo sahani ya machalari haitakuwa tena ndizi tu mbele yake.

Nyama inahitaji neno la tahadhari, na hapa mapenzi ya vyakula vya asili hayapaswi kufumba macho ya mtu. Kisusio, supu inayopikwa kwa damu, hakina tatizo kikichemka vya kutosha. Damu inayonywewa kabla ya kuiva haimfai mgeni, wala haimfai mwenyeji. Maziwa mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa ni vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Kati yao 528 walidhaniwa na waganga kuwa na malaria, lakini waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14 tu. Miongoni mwa waliobaki yalionekana magonjwa yatokayo kwa wanyama, ikiwamo bruselosi, ambayo huenezwa na maziwa mabichi. Mgeni akirudi kwao na homa isiyoisha, daktari wa huko hatajua kuuliza juu ya maziwa. Kwa hiyo swali liulizwe mapema, mezani: maziwa haya yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Kwa nyama choma, bonge likatwe katikati, na lenye wekundu ndani lirudishwe jikoni bila kuona haya.

Linabaki suala la mgeni mgonjwa, na ndilo zito kuliko yote. Chukua mfano wa mkwe aliyetoka pwani, mwenye kisukari cha miaka kumi, aliyekuja kuwaona watoto. Familia nzima inakaa mbele ya mtori na machalari, naye analetewa kando sahani ya ugali wa dona na kabichi, kwa sababu mtu fulani aliyevaa koti jeupe aliwahi kusema kwamba ndizi ni sukari. Katika kliniki nyingi katazo hilo hutolewa kwa sentensi moja, bila maelezo, na matokeo yake yanajulikana: mgonjwa hutii hadharani, hula kwa siri, na siku ya kliniki hudanganya. Hiyo ni hasara ya afya, na ni hasara ya heshima pia. Mtu mzima aliyetengwa sahani huwa amekwisha kuambiwa kwamba yeye si wa meza hiyo.

Ukweli wa ndizi ni mpana kuliko katazo. Ndizi mbichi ya kupika ina wanga mwingi, na sehemu ya wanga huo husagwa polepole tumboni. Ndizi ikiiva, wanga hugeuka sukari. Ndizi iliyobaki vipande, kama katika machalari, hupandisha sukari ya damu polepole kuliko iliyosagwa kuwa uji, na maharage ya kiburu huipunguza kasi hiyo zaidi. Mkwe huyo, basi, angeweza kuketi na wenzake akapewa vipande vichache vya ndizi ya machalari, nyama isiyo na mafuta, na mnafu wa kujaza nusu ya sahani. Bakuli dogo la mtori kwa kuonja halitamdhuru ikiwa halifuatwi na wali, chapati na soda. Katika chakula kile chote, soda, ambayo hakuna aliyeikataza, ndiyo ingestahili kuondolewa kwanza.

Mgonjwa wa figo ni habari nyingine. Ndizi ina potasiamu nyingi, na yule ambaye figo zake zimechoka hawezi kuitoa mwilini. Vyakula vingine hupunguziwa potasiamu kwa kuchemshwa katika maji mengi ambayo baadaye humwagwa, lakini mtori hauna maji ya kumwaga. Supu yote imo. Mgonjwa wa aina hiyo, hasa aliye kwenye usafishaji wa damu, asile mtori wala machalari kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mwenye shinikizo la damu naye aulize kuhusu mchuzi wa unga na chumvi, kwa kuwa mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, na aulize pia kuhusu magadi, ambayo baadhi ya wapishi huyatia ili maharage yaive haraka. Magadi yana sodiamu, na ya kaskazini mwa Tanzania mara nyingi yana floraidi, ile ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wa ukanda huu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila magadi, na mpishi aliyeambiwa jana yake anaweza kuyaloweka.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haiwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya, kwani mgeni wa Uchagani ataiulizia. Hutolewa katika vilabu, na mara nyingi kata moja huzunguka mikononi mwa watu kadhaa. Mgeni na aombe chombo chake mwenyewe. Anayetumia insulini au glibenklamaidi akinywa kabla ya kula anaweza kushukiwa sukari usiku, na wenzake wakadhani amelewa. Anayetumia metronidazoli asiiguse kabisa. Kwa wengine, kiasi kidogo baada ya chakula kinatosha kuijua ladha yake, ambayo kwa wengi huhitaji mazoea.

Kuna kazi moja ambayo wahudumu wa afya wanaweza kuianza bila bajeti. Karibu na malango ya hospitali kubwa za mji huu wapo mama lishe wanaowalisha ndugu wa wagonjwa kila siku, na baadhi ya wagonjwa wenyewe wanaotoka kliniki wakiwa na njaa. Maofisa lishe wa wodini huwapita asubuhi na jioni. Wakisimama, wakazungumza na wanawake hao juu ya chumvi, magadi, maji ya kunawia na ukubwa wa upawa, muuguzi ataweza kumjibu ndugu wa mgonjwa kwa kutaja banda fulani, kwa mama fulani, na kumwambia afike kabla ya saa saba, mtori haujaisha.