Mwalimu mmoja, hesabu tatu

Katika Kichina nambari haifuatani na nomino hivi hivi. Kati yake hukaa neno la kuhesabia. Wanafunzi wetu hufundishwa mapema kwamba "ge" latosha karibu kila mahali, nao huridhika. Nadhani hapo ndipo wanapopunjwa, hasa anayehesabiwa akiwa binadamu.

Mtazame mwalimu. "Yi ge laoshi" ni mwalimu mmoja, basi. "Yi wei laoshi" ni mwalimu huyo pamoja na heshima yake. "Yi ming laoshi" ni mwalimu aliyemo katika orodha: lugha ya habari, ya ajira, ya ripoti. Mshukiwa wa wizi huandikwa "ming". "Wei" hapewi ila kwa kejeli. Tena mstaarabu hajipi "wei" mwenyewe: mhudumu wa mkahawa huuliza wageni ni "wei" ngapi, nao hutakiwa kujibu kwa "ge" (ingawa wengi siku hizi hawajali). Jamaa wa nyumba moja huhesabiwa kwa "kou", yaani kinywa, na kinywa hichohicho kimo katika "renkou", idadi ya watu wa nchi nzima.

Sasa mkalimani wa serikali apokee taarifa ya wazee watatu waliohamishwa, iliyoandikwa kwa "wei", naye atoe "watu watatu". Hesabu ni sahihi. Msimamo wa mwandishi umetoweka. Kiswahili hubeba msimamo huo kwa nomino: mzee wetu, mkazi, mvamizi. Mkalimani aliyeishia kwenye "ge" hatajua achague ipi.