Kikokotoo hakitoshi
Pierre de Fermat aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni namba tasa, akaamini inayofuata, 4,294,967,297, nayo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Mifano mitano, hata ipendeze vipi, si uthibitisho, na wanafunzi wetu wafundishwe hivyo mapema.

Wapo watakaosema kikokotoo kingemaliza kazi hiyo kwa sekunde. Sawa, lakini ugawanye kwa ngapi? Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, ukikigawanya kwa 64, hubakiza 1. Basi namba tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Kalamu na karatasi tu.