Aliyeichora Ngomeni Hakuwa Mreno

Mwalimu wa sanaa hapa Mombasa akitaka kuwafundisha watoto habari za wasanii wakubwa wa Italia, huwaonyesha picha: Mona Lisa, sanamu ya Daudi, dari la kanisa la Sistine. Picha hizo ziko vitabuni au kwenye simu, na vitu vyenyewe viko Paris, Florence na Vatikani. Watoto hutoka darasani na imani waliyo nayo wazazi wao pia, kwamba sanaa ile ni ya kuonwa na mwenye viza na nauli ya ndege, na kwamba kisiwani mwetu hakuna hata chembe yake. Imani hiyo ni potofu. Kazi ya msanii wa Kiitaliano wa karne ya 16 imesimama mwisho wa barabara ya Nkrumah, mlangoni mwa Mji wa Kale, na watoto haohao huipita kila siku wakienda shule.

Fort Jesus, au Ngomeni kama tuiitavyo wenyewe, ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Wareno. Kwa hiyo tumezoea kusema "ngome ya Wareno" na kuishia hapo. Lakini aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno katika milki yao ya Bahari ya Hindi, mwenye makao yake Goa. Mombasa ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa ya mwisho. Alifariki Goa mwaka uleule wa 1596.

Najua jibu linalokuja: boma la vita si sanaa, sanaa ni rangi na sanamu. Wanaosema hivyo wawaulize wasanii wenyewe. Leonardo da Vinci alipoomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, mnamo 1482, barua yake ilitanguliza madaraja ya vita, mizinga na mbinu za kuvunja ngome; uchoraji aliutaja mwishoni. Baadaye, mwaka 1502, alikuwa mhandisi wa vita wa Cesare Borgia. Michelangelo naye, mwaka 1529, alikabidhiwa ulinzi wote wa kuta za Florence, na michoro yake ya buruji za mji ule imehifadhiwa hadi leo. Kwa watu hawa, mkono uliochora uso wa mtu na mkono uliochora pembe ya ukuta ulikuwa mmoja. Sisi ndio tuliovitenga, kisha tukatumia utengano huo kujinyima urithi ulio miguuni petu.

Tena Ngomeni ina jambo ambalo boma la kawaida halina. Umbo lake, likitazamwa kutoka juu, ni la mwili wa mtu. Hilo halikutokea kwa bahati. Wasanii wa Italia wa enzi ile, iitwayo Renesansi, waliamini kwamba vipimo kamili vya jengo hupatikana katika mwili wa binadamu. Francesco di Giorgio wa Siena aliwahi kuchora mji wenye ngome uliolazwa juu ya umbo la mtu, boma likiwa kichwani na minara kwenye viungo. UNESCO ilipoitia Fort Jesus katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, moja ya sababu zake ilikuwa hiyohiyo. Basi dunia imeshakiri kwamba hapa pana kazi ya sanaa, na sisi wenye mji bado tunawaambia wanetu hapa palikuwa jela. Ni kweli palikuwa jela, tangu 1895 hadi 1958. Lakini jela ni miaka 63 tu katika zaidi ya 400.

Mtu asiyeamini na asimame nje, upande wa bara, handaki likiwa mbele yake, atazame buruji mbili: São Filipe na São Alberto. Mnara wa kale wa mviringo ulikuwa na kasoro moja: chini yake palibaki kipande ambacho mlinzi wa mnara wa jirani hakukiona, na adui akajificha hapo. Wafaransa walipoingia Italia na mizinga yao mwaka 1494 na kuta ndefu zikaporomoka, Waitaliano walijibu kwa jometri: kuta nene zilizoinama, na buruji zenye ncha. Fuata kwa jicho mstari wa ukuta wa buruji moja hadi unapokata kona na kurudi ndani kuelekea nyingine. Kila buruji inaulinda ubavu wa mwenzake, wala hakuna pa kujificha. Ni hesabu iliyogeuzwa kuwa jiwe, na inapendeza kuitazama. Waomani, walioitwaa ngome baada ya Wareno, waliinua kuta hizo, ila mistari ya Cairati bado inasomeka.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwa watu ninaowaheshimu: vipi tuusifu mkono uliomjengea mkoloni silaha ya kuutawala mji wetu? Uchungu huo ni wa haki. Lakini hata Florence, wanayoililia watalii, ilijengewa ngome ya namna hiyo kuanzia 1534, Fortezza da Basso, kazi ya Antonio da Sangallo Mdogo, ili ukoo wa Medici uwatishe wenyeji wa mji. Watu wa Florence hawakuitoa kwenye historia ya sanaa yao. Na kuta za Cairati hazikumtii Mreno daima. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa aliiteka Ngomeni, na jeshi lilipokuja kutoka Goa mwanzoni mwa 1632 kuikomboa, kuta zilezile ziliwashinda Wareno wenyewe.

Wala kazi hii si ya Cairati peke yake. Mchoro ulitoka kwake. Waashi walitoka Goa, vibarua wakatoka Malindi, na jiwe ni la matumbawe ya kisiwa hiki, handaki likichongwa katika mwamba wenyewe. Ndani ya ngome, ambayo sasa ni makumbusho, kuna michoro ya meli na watu iliyotiwa ukutani na wakazi wake wa Kireno, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Ukumbi wa Mazrui una boriti zenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Anayesema kisiwa hiki hakina historia ya sanaa hajaingia humo akiwa macho.

Ninalotaka ni dogo na linawezekana muhula huu. Mwalimu anayewaleta watoto Ngomeni asianze na mizinga wala vyumba vya wafungwa. Awasimamishe kwanza kwenye ukingo wa handaki na karatasi na penseli, awaambie jina la Cairati na mji wa Milan, awatajie watu wa Malindi waliobeba mawe, kisha kila mtoto achore pembe ya São Alberto kama anavyoiona.