Fundi hapimwi kwa vitendawili

Desa la mtihani wa Ijumaa liko mezani na sijaligusa, lakini leo msuli haupandi mpaka niseme hili.

Kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa) anasoma PhD ya kompyuta Marekani, mwaka wa nne. Anaifundisha mashine isikilize Kiswahili cha mtu anayeongea haraka kama konda wa daladala, halafu ikiandike sawasawa. Akaomba fildi ya uhandisi wa programu kwenye kampuni moja, huko wanaita intanshipu. Intavyuu dakika 45 kwa video. Utafiti wake hawakuugusa hata kwa neno moja. Walimpa mafumbo mawili, aandike kodi huku mtu anamtazama, bila kuruhusiwa kuiendesha aone kama inafanya kazi. La kwanza akapata, la pili likamkwamisha, muda ukaisha. Baada ya siku mbili ikaja barua pepe: asante, kila la heri.

Nikampigia, pole kaka. Akacheka: "Mdogo wangu, lile swali nililisoma mwaka wa pili wa digrii ya kwanza. Sijawahi kulihitaji tena."

Mimi ni wa ualimu, kodi siijui. Ila kupima ndiko ninakosomea, kwa hiyo hapa siogopi mtu. Kipimo lazima kipime kile unachodai unapima. Sisi tukienda mazoezi ya kufundisha, mkaguzi anakaa nyuma ya darasa na andalio la somo mkononi, anaangalia kama watoto wanaelewa. Haniiti ofisini nimtajie hatua nne za Piaget mbio mbio, halafu aseme huyu kufundisha hawezi!

Wala kaka si wa kwanza. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu ya kuwekea programu nyingine kwenye Mac, aliandika Twitter kwamba Google walimkataa kwa sababu hakuweza kutatua fumbo ubaoni, wakati wahandisi wao wengi walikuwa wanatumia kazi yake. Hebu fikiria hiyo.

Najua kuna mtu wa CoET ataniambia: waombaji ni maelfu, swali moja kwa wote ndiyo haki. Sawa, ni haki ya mizani mbovu. Ukiweka kilo 3 inasoma 5, leo 5, kesho 5, kwa kila mteja. Haibadiliki, lakini inadanganya kila siku.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Miezi miwili sasa kaka ameweka tasnifu pembeni, anakariri mafumbo usiku kucha, kama sisi tunavyokariri desa tukikimbia sapu. Mtu aliyekuwa anatafuta jibu ambalo hakuna anayelijua, sasa anakariri majibu yaliyomo vitabuni.

Mpeni programu yenye kosa, na kompyuta yake, na saa mbili. Alitafute, alirekebishe, awaeleze alivyofikiri. Muulizeni na utafiti wake. Hapo akishindwa, mkataeni kwa amani, na mimi nitanyamaza.

Na sisi walimu watarajiwa tusicheke sana. Kesho tukitunga mitihani ya kukariri, tutakuwa tumewatendea wanafunzi wetu yaleyale. Au nyie mnasemaje?

Haya, narudi kwenye desa. Niombeeni Ijumaa.