Darubini ya namba kubwa silet!

Huku Uingereza sisi wazima, tunasukuma siku na zamu za usiku. Leo sina stori za baridi, leo nina ugomvi na nyie.

Vijana wetu wa Muheza wanataka kutembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege kwenye msitu wa Amani. Wazo zuri sana, nawaunga mkono. Lakini kila ujumbe ni uleule: "Dada, tuletee darubini inayovuta sana, 20x50 au zaidi." Wajomba nao wanashadidia, eti mtu yuko Ulaya analetaje ya 8? Jamani, nakataa katakata. Namba kubwa sio ubora!

Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. 8x42 inakupa zaidi ya milimita 5. Hiyo 20x50 mnayoililia inakupa 2.5 tu. Sisi manesi kumulika mboni za wagonjwa ndio kazi yetu, na mboni ya kijana gizani hufunguka hata kufika milimita 7. Sasa Amani alfajiri, chini ya miti mirefu, mboni imefunguka wazi halafu unaipa kauzi ka mwanga! Utaona kivuli. Kikubwa, sawa, lakini kivuli.

La pili ni kina, na hili hakuna muuzaji atakayewaambia. Ubongo unajua kipi kiko mbele na kipi nyuma kwa kulinganisha picha za macho mawili. Darubini inavuta kila kitu karibu, na nafasi kati ya vitu inabanwa vilevile. Matawi mawili yaliyoachana mita 4, kwa 8x yanaonekana kama yameachana nusu mita. Kwa 20x ni sentimita 20. Msitu unakuwa kama picha iliyobandikwa ukutani. Mgeni aliyelipa pesa yake anauliza, "Yuko tawi lipi?" Wewe utamjibu nini?

Na kama mirija miwili haikukaa sambamba, kama nyingi za bei poa, macho yanavutana, unaona mbili mbili na kichwa kinauma. Halafu kijana anaambiwa macho yake mabovu! Macho ni mazima, kifaa ndicho kibovu. Hata zile lenzi nyekundu zinazong'aa ni urembo tu. Zinarudisha mwanga mwekundu nje, ndege unamwona kama kapakwa kijani.

La tatu, mkono. Ukikuza mara 20, na mtetemo wa mkono unakua mara 20. Huhitaji digrii kujua hilo.

Mtasema mbona wazungu wana mitambo mikubwa? Ni kweli, nimeiona kwenye vibanda vya kutazamia ndege vya Minsmere kule Suffolk. Lakini ile imesimamishwa kwenye miguu mitatu, kwa ajili ya ndege waliotulia mbali matopeni, mahali peupe. Shingoni mwao wamevaa nini? Nyingi ni 8 au 10.

Mwenye pesa kidogo asione haya kuchukua ile ya umbo la zamani, yenye lenzi za mbele zilizoachana kuliko za machoni. Zeiss walianza kuuza za namna hiyo mwaka 1894 na hadi leo ndizo zinazoonyesha kina vizuri zaidi. Zile zilizonyooka nazo ni nzuri, ila nzuri yake ni ghali, na ya bei ya chini mara nyingi picha yake ni hafifu.

Kabla hujatoa hela, tazama nguzo ya umeme dhidi ya anga. Ukiona ukingo wa zambarau mnene, rudisha. Fumba jicho moja, kisha lingine. Kama picha inaruka, rudisha.

Nikija nitaleta mbili za 8x42, wagawane zamu. Anayetaka 20x50 anunue kwa hela yake, na Panadol anunue kabisa.

Nawasilisha. Wasalimieni wazee wote.